Programu za Kuhariri Sauti: Zipakue kwa Wenyewe, Usizime Kinga

Kijitabu cha elimu kwa wazazi, walezi, walimu na vijana

Kwa nini kijitabu hiki

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko yanayoletwa ofisini kwetu. Wazazi wanatuletea laptopu ambazo picha na nyaraka zake hazifunguki. Walimu wanatuletea kompyuta za maabara zilizopoteza kazi za muhula mzima. Tukiuliza ilianzaje, majibu hufanana: kijana alitaka kurekodi wimbo, au kuandaa kipindi cha klabu ya habari shuleni, akatafuta programu ya bure, akapakua ya kwanza aliyoiona.

Wapo wanaodhani tumekuja kuwanyang'anya watoto muziki. Sivyo. Kijana anayeegemeza godoro ukutani ili kuua mwangwi, kisha akarekodi kwa maikrofoni ya hedifoni za simu, anajifunza kazi halisi na anastahili kusaidiwa. Tunachokataza ni kimoja: kusakinisha programu iliyotoka kwa mtu asiye mwenye programu.

Programu iliyochakachuliwa

Vijana wengi hutaka programu ileile waliyoiona kwa prodyuza wa mtaani, mara nyingi FL Studio, ambayo ni ya kununua. Toleo lake la majaribio ni halali na halilipiwi, ila kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Hapo ndipo kijana anapoanza kutafuta "kraki", yaani programu iliyochakachuliwa ili isilipiwe.

Angalia kraki inavyokuja. Faili limebanwa na kufungwa kwa nywila, na nywila yenyewe, 1234 au nyingine rahisi, imeandikwa pembeni. Ndani kuna maelezo: zima antivirusi kwanza, kisha sakinisha. Soma tena maelezo hayo, mzazi, na umsomee mwanao. Nywila imewekwa ili antivirusi isione kilichomo kabla hujafungua. Agizo la kuzima limewekwa ili isione baada ya kufungua. Hakuna programu halali ya kuhariri sauti inayokutaka uzime kinga ya kompyuta. Ukiliona agizo hilo, hata kama limetoka kwa rafiki au kwa fundi unayemwamini, futa faili.

Kirusi kiitwacho STOP, au Djvu, kimesambaa duniani kwa njia hii ya kraki. Kikiingia, hufunga picha, nyimbo na nyaraka, hubadilisha mwisho wa jina la kila faili, kisha huacha ujumbe uitwao _readme.txt. Ujumbe huo umekuwa ukidai dola 980 za Marekani, na punguzo la nusu kwa atakayewasiliana ndani ya saa 72. Usilipe. Unayemlipa ni mwizi, na hakuna kinachomlazimisha kukurudishia chochote.

Vipo virusi vingine visivyoonekana kabisa. Kompyuta inafanya kazi, biti zinatoka, kijana anafurahi. Wakati huohuo nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zimeshatumwa kwa mtu mwingine: barua pepe ya mama, ukurasa wa duka la baba, akaunti ya shule. Familia hugundua siku ukurasa wa duka unapoanza kuwatapeli wateja.

Hata ya bure kweli ina bandia yake

Programu tunayoipendekeza kwanza kwa kompyuta ni Audacity. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kwa kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Ni bure mpaka leo na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Lakini mwanzoni mwa 2023 wahalifu walilipia matangazo kwenye Google yaliyoiga tovuti za programu maarufu za bure, Audacity ikiwemo. Tangazo lilikaa juu ya jibu la kweli, na aliyebofya alipakua kirusi chenye nembo anayoifahamu. Kwa hiyo usitafute na kubofya la kwanza. Andika mwenyewe audacityteam.org kwenye kivinjari, herufi kwa herufi. Jibu lililoandikwa "Imedhaminiwa" lipite. Ukiwa na shaka na faili ulilopakua, lipeleke VirusTotal kabla ya kulifungua. Ni huduma ya bure inayolipitisha kwenye antivirusi nyingi kwa mara moja.

Kwa simu tunasema kwa mkazo: Audacity ya Android haipo. Anayekutumia "Audacity ya simu" kwenye kundi la WhatsApp au Telegram anakudanganya. Kwenye simu pakua kutoka Play Store au App Store tu, na soma ruhusa zinazoombwa. Programu ya sauti inahitaji maikrofoni na mahali pa kuhifadhi. Haina kazi na SMS zako, ambako namba za siri za kuthibitisha huingia. Ikiziomba, iondoe.

Chaguo nyingine zipo. Ocenaudio, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Santa Catarina nchini Brazili, ni nyepesi kwa anayeanza. Wenye vifaa vya Apple wana GarageBand. BandLab hutumika kwenye simu na kivinjari, ila hutaka akaunti, basi mzazi akae karibu inapofunguliwa. Masharti ya umri hutofautiana, mengi huanzia miaka 13; yasomeni pamoja. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Tanzania ya 2022 na ya Kenya ya 2019, zote zinazitaja taarifa za watoto.

Wala usidhani cha bure ni dhaifu. Kabla ya kuimba, acha maikrofoni irekodi ukimya wa sekunde chache. Kwenye Audacity chagua kipande hicho, kipe kifaa cha kupunguza kelele kisome sampuli, kisha chagua rekodi nzima na utekeleze. Mvumo wa feni unapungua na sauti inabaki. Vijana waliopita kwenye mafunzo yetu wanalifanya hili bila kusaidiwa, na ofisi hii inajivunia hilo. Zaidi tunajivunia kwamba wakipewa programu kwenye flashi, swali lao la kwanza ni "umeipakua wapi?"

Kama kirusi kimeshaingia

Mzazi, usimpige kijana aliyekuja kusema. Anayeogopa kipigo hukaa kimya, na kila saa ya kimya ni saa ya mwizi.

Kata intaneti mara moja. Usichomeke flashi wala diski yenye nakala zako. Chukua kifaa kingine kilicho salama na ubadilishe nywila, ukianza na barua pepe, kisha ondoa vifaa vyote usivyovitambua kwenye akaunti zako na kwenye WhatsApp. Toa taarifa polisi.

Kama faili zimefungwa, usizifute. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure vifaa vya kufungulia faili zilizofungwa na baadhi ya virusi hivi katika nomoreransom.org. Fungua tovuti hiyo kwenye kifaa kilicho salama, uangalie kama kirusi chako kimeshapatiwa ufunguo. Ukikosa, nakili faili hizo kwenye diski mpya isiyo na kitu kingine, uiweke kando na kuangalia tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu funguo mpya huongezwa.