SOMO LA AFYA: Majani, Panya na Ugonjwa wa Sukari



Wagonjwa wa sukari hutuuliza: «Munganga, majani haya yanashusha sukari. Sababu gani nisiache sindano?» Sikilizeni habari ya ua moja.

Ua hilo ni pervanshi ya Madagaska. Maua yake ni ya roza ao meupe, na watu hulipanda mbele ya nyumba kwa uzuri. Katika kisiwa cha Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kwa kupunguza sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalifika Kanada kwa munganga Robert Noble, naye akayajaribu kwa wanyama.

Majaribio kama hayo hufanywa namna gani?

1. Panya hugawanywa mafungu. Fungu moja hupewa maji ya majani yaliyopimwa. Jingine hupewa maji matupu.
2. Damu yao hupimwa mbele ya dawa na kisha dawa.
3. Mafungu hulinganishwa. Pasipo fungu la maji matupu, hutajua kama sukari ilishushwa na majani ao na njaa.
4. Viungo vingine pia hutazamwa: ini, figo, damu yenyewe.

Noble aliona nini? Panya walionyweshwa majani, sukari yao haikushuka vya maana. Waliochomwa sindano ya majani hayo walikufa kwa vijidudu, kwani chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, zilipungua mno. Kutoka majani hayo Noble na mwenzake Charles Beer walipata vinblastini mwaka 1958. Leo ni dawa ya kansa fulani, nayo hutolewa hospitalini kwa kipimo kikali.

Basi majani yalikuwa na nguvu, lakini si nguvu ile watu waliyoitafuta.

Kwa hiyo:

— Usiache insulini ao vidonge kwa sababu ya majani. Hata yakifaa kwa panya, mwili wa mtu ni mwingine.

— Ukiyanywa, usimfiche munganga. Kuna majani yanayoshusha sukari kweli. Pamoja na dawa yanaweza kuishusha mno.

— Jasho, kutetemeka, kizunguzungu: ni alama za sukari kushuka. Ukiwa kwenye mashini, simamisha, ita mwenzako, kunywa maji ya sukari, kisha mpelekwe dispansari pamoja.

Dawa ni kipimo. Pasipo kipimo, ni sumu.