Sungura amezeeka: tumtibu au tumpumzishe?

SWALI: Nina sungura jike wa miaka minane. Binti yangu alipewa akiwa darasa la kwanza, sasa yuko kidato cha pili. Tangu masika amekonda, miguu ya nyuma inamshinda, huku nyuma kunalowa mkojo, na mara mbili tatu nimeuona una wekundu. Mume wangu anasema tumchinje kabla hajafa mwenyewe. Binti hataki hata kusikia. Je, ni uzee tu? Na tutajuaje kwamba wakati wake umefika? — Mama wa Moshi

JIBU: Pole sana, mama. Sungura wengi wa hapa kwetu huishia sufuriani kabla ya kutimiza mwaka, ndiyo maana hata sisi madaktari wa mifugo hatuwaoni wazee mara kwa mara. Aliyetunzwa vizuri hufika miaka 8 hadi 12, kwa hiyo huyo wenu ni bibi kweli. Ila uzee peke yake hauleti damu.

Nianze na huo wekundu. Mkojo wa sungura hubadilika rangi kufuatana na majani aliyokula, na unaweza kuwa mwekundu kama kutu naye akawa mzima kabisa. Rangi ya majani huenea sawasawa. Damu mara nyingi huonekana kama matone au vibonge ndani ya mkojo wa kawaida. Msibahatishe: daktari akichovya kijiti cha kupimia mkojo, jibu linapatikana papo hapo. Ikiwa ni damu, na kama hajawahi kutolewa kizazi, cha kwanza kushuku ni saratani ya kizazi, ugonjwa wa kawaida mno kwa majike waliovuka miaka minne. Ikikutwa mapema, kuondoa kizazi huweza kumponya. Ikishafika mapafuni, upasuaji ni kumtesa bure. Kwa hiyo ombeni eksirei ya kifua kwanza, kabla ya kulipia kisu. Na mtu akiwaambia mmshindishe njaa usiku kucha kabla ya upasuaji, tafuteni daktari mwingine: sungura hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu.

Miguu inaweza kuwa viungo vya nyonga na mgongo vilivyosagika, au kimelea kisichoonekana kwa macho kinachoshambulia figo na ubongo, ambacho kina dawa yake. Mgongo ukiuma, sungura hawezi kujikunja ajisafishe, wala kula kile kinyesi laini ambacho kwa kawaida hukichukua moja kwa moja kutoka nyuma na kukimeza. (Watu wengi huona kinyaa, kwake ni chakula chenye vitamini.) Kinyesi kinaganda kwenye manyoya, mkojo unachoma ngozi, nzi wanataga, na ndani ya siku moja unaweza kukuta funza. Mgeuze asubuhi na jioni, umtazame chini ya mkia, umwoshe kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha vizuri. Mtandikie manyasi makavu mengi, si waya wala saruji tupu, na sahani na maji viwe karibu naye.

Kukonda kunaniambia mtazame na magego. Meno ya sungura hukua maisha yote na husagwa na nyasi. Aliyelelewa kwa pumba na mabaki ya ugali huota ncha kali zinazomkata ulimi. Akinyanyua tembele kisha akaliachia, au kidevu kikilowa mate, tatizo liko mdomoni.

Msinunue dawa kwa kukisia. Amoksilini ya kumeza, ambayo kila nyumba ina kipande chake, huua bakteria wema wa tumboni mwa sungura na yeye akafuata. Diklofenaki yenu pia iacheni kabatini. Meloksikamu, kwa kipimo cha daktari, huondoa maumivu vizuri, na ningependa mmwone akiwa bila maumivu kwa wiki moja au mbili kabla ya kuamua lolote. Akipita saa 12 bila kula wala kupata choo, hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

Sungura hapigi kelele akiumwa. Hujikunyata, macho nusu yamefumba, akasaga meno kwa sauti. Usichanganye na ule mtetemo mdogo wa meno anapokunwa kichwani. Huo ni wa raha. Swali langu kwenu ni rahisi: tembele likiletwa, anakuja? Ikiwa hata kwa dawa hali mpaka alishwe kwa sindano isiyo na ncha, haamki kwenye mkojo wake, na siku mbaya zimezidi nzuri, mimi ningempumzisha wiki hiyo hiyo. Kungoja afe mwenyewe mara nyingi ni siku kadhaa za njaa na maumivu, wala si huruma.

Kuhusu baba: simlaumu. Kuchinja kwa mkono wa anayejua ni kifo cha haraka, ila huyu anashukiwa kuwa na saratani, amekonda, na akishaanza dawa nyama yake haifai. Mkiamua, mwite daktari. Dai apewe kwanza dawa ya usingizi, na sindano ya mwisho ifuate akiwa amelala fofofo. Binti akitaka kuwepo, aruhusiwe. Yuko kidato cha pili, anaelewa. Msimchinjie akiwa shuleni kisha mkamwambia ametoroka.

Mzikeni kwenye shimo la kina cha mita moja hivi, mlishindilie vizuri na kuweka mawe juu. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa akifukua akala, anaweza kufa naye.