Wakati Ordinatere Inakatala Kuwaka



Wengi kati yenu mumetuuliza juu ya nini gazeti letu la mwezi uliopita halikutoka. Wengine walisema karatasi zilikosekana. Hapana, karatasi zilikuwa. Ni sisi, wenye tunatunza chumba cha ordinatere, tulifuta maandishi yenu yote, pamoja na orodha ya vitabu vya maktaba. Tunaomba musamaha, na tunaeleza namna ilitokea, ili wenye watashika ufunguo kisha sisi wasirudilie kosa lile.

Umeme ulikatika magaribi, mashini ikiwa inaandika. Asubui tukaiwasha: kioo cheusi, mistari meupe, na mwisho neno (initramfs). Tuliogopa. Mmoja wetu akasema Linux imekufa. Tukachukua kle ya USB, tukaanza kuweka Debian upya, na pale ilituuliza kama tunataka kufuta disiki yote, tukaitika. Kisha saa moja ordinatere iliwaka vizuri sana, lakini tupu.

Kisha juma mbili mashini ya pili ikafanya vile vile. Mara hii mwalimu wa fizika alikuwa pale. Aliuliza tu: "Mumesoma yenye imeandika?" Hatukusoma. Juu ya lile neno (initramfs) kulikuwa mstari wa Kiingereza wenye kusema disiki inaomba fsck kwa mkono, na jina la sehemu yenyewe, /dev/sda2. Tukaandika:

fsck -y /dev/sda2

Ikatengeneza mambo yenye yalivurugika, tukaandika exit, na kila kitu kikarudi. Haikufika dakika tano. Siku ile hakuna mwenye alikula vizuri, kwa sababu tulikumbuka mashini ya kwanza.

Basi somo lenyewe. Kuwaka kwa ordinatere ni kazi ya kupokezana. Kwanza ubao mkubwa wa ndani unajipima. Kisha unamwachia GRUB. GRUB analeta kiini cha Linux, ile kazi yenye Linus Torvalds alianza kule Finland katika mwaka 1991. Kiini kinatafuta disiki, kinaita piloti wa kila kifaa, na mwisho madirisha yanafunguka. Kwa hiyo usiulize "imekufa?", uliza "imesimama kwa nani?"

Ikiwa kioo hakionyeshi kitu na mashini inalia tu, Linux haijafikiwa hata kidogo, usiisingizie. Hesabu milio, maana kila mtengenezaji ana hesabu yake. Ondoa waya wa umeme, toa vipande vya memori, safisha meno yao kwa gomu ya kufutia kalamu, kisha rudisha kimoja kimoja. Vumbi ya hapa kwetu iko mingi.

Ikiwa saa inarudi miaka ya nyuma kila asubui, ni betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3. Ni kitu kidogo, lakini na tarehe ya uongo intaneti inakatala kurasa mingi, na mutu anafikiri ni kosa la Wi-Fi.

Ikiwa GRUB amepita na kioo kikabaki cheusi, mara mingi ni piloti wa picha. Anzisha upya na ushike Shift, ao kwa mashini za UEFI ubonyeze Esc, mpaka orodha ya GRUB ionekane. Bonyeza e, tafuta mstari wenye kuanza na neno linux, ongeza nomodeset kwa mwisho wake, kisha Ctrl na X. Ni kwa mara moja tu, haiharibu kitu. Ikiwa ugonjwa ulianza kisha kubadilisha kiini, katika orodha ile ile kuko kiini cha zamani; chagua kile.

Ikiwa yote inawaka lakini Wi-Fi haiko, andika lspci -k. Chini ya kila kifaa kuko mstari "Kernel driver in use". Mahali mstari ule unakosa, kifaa hakina piloti. Wakati mwingine piloti iko lakini inakosa firimwea yake. Sudo dmesg itataja jina la faili yenye inatafuta. Debian mbele ya nambari 12 haikuweka firimwea zile katika disiki yake ya kawaida. Tangu 12, ya mwaka 2023, zimo. Tuko na kle mbili, moja ya zamani. Chukua yenye alama nyekundu.

Neno moja tena juu ya fsck. Ile -y inaitika "ndiyo" kwa kila swali. Ikiwa disiki yenyewe inagonga-gonga ao inachelewa sana, usiitumie mbele ya kunakili. Washa mashini kwa kle, bila kuweka kitu, toa maandishi, halafu pima disiki kwa smartctl -H. Ikijibu FAILED, usiiamini tena.

Wenye walitupa maandishi na wangali na karatasi zao za mkono, walete kwa chumba cha ordinatere kila siku ya ine kisha masomo. Orodha ya maktaba tunaiandika upya; tumefika herufi M.