Artemisinini: Peroksidi Inayotibu Malaria

Peroksidi ni kampaundi ambayo ndani yake atomu mbili za oksijeni zimeungana zenyewe kwa zenyewe, yaani O–O. Kifungo hiki cha kikemia ni dhaifu, na kwa hiyo peroksidi nyingi huvunjika upesi zipatapo joto. Katika somo hili tutachunguza peroksidi moja ya kikaboni ambayo udhaifu huo ndio nguvu yake.

Sifa zake
Artemisinini, C₁₅H₂₂O₅, ni fuwele nyeupe ziyeyukazo kwenye nyuzi 156 hivi za Sentigredi. Humumunyika kidogo sana katika maji, lakini vizuri katika viyeyushi vingi vya kikaboni. Kati ya atomu zake tano za oksijeni, mbili hufanya daraja la peroksidi. Kimelea cha malaria, kimeng'enyapo hemoglobini ya damu, huachilia hemu yenye chuma. Chuma hicho hulivunja daraja, nazo radikali huru zitokeazo huharibu protini za kimelea. Oksijeni moja ya daraja ikiondolewa, hupatikana deoksiartemisinini, ambayo haitibu.

Utengenezaji wake
Artemisinini hutoka katika majani ya Artemisia annua, mmea wa asili ya Asia unaolimwa pia Afrika Mashariki. Mwaka 1971, huko Beijing, mtaalamu Tu Youyou alishuku kuwa joto la kuchemsha huiharibu dawa. Akatumia etha, ichemkayo kwenye nyuzi 35 tu, akafaulu. Mwaka 1972 kundi lake lilizipata fuwele zenyewe. Naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Viwandani, majani makavu huloweshwa katika kiyeyushi kama heksani. Kiyeyushi huvukizwa, na fuwele husafishwa. Kisha sehemu nyingine ya molekuli hubadilishwa, daraja likiachwa salama, ili kupata artemetha, ambayo huchanganywa na lumefantrini katika dawa mseto.

Tahadhari
Chai ya majani haya si badala ya dawa. Maji huchota artemisinini kidogo, na kiasi chake hakilingani kikombe kwa kikombe. Dozi pungufu huwaua vimelea dhaifu na kuwaacha walio sugu wazaliane. Tayari usugu wa kiasi umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania.

Maswali
1. Kwa nini etha ilifaa kuliko maji ya moto? Toa sababu mbili.
2. Eleza kwa nini deoksiartemisinini haiui kimelea.