SUALA LA BIMA YA HATI YA NYUMBA

Suala: Ndugu mmoja wa darsa yetu hapa Loitokitok, muuza vitunguu, ameuliza: "Nataka kununua nyumba Kitengela kwa akiba ya umri wangu. Muuzaji ana hati, nami nashauriwa nilipe zaidi nikate bima ya hati hiyo. Je, nikate au niache?"

Jawabu: Bima hii asili yake ni Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, kwani huko serikali huhifadhi nyaraka za mauzo tu, haimdhaminii mtu milki yake. Kwetu Kenya daftari la ardhi ni la serikali, na sheria ya usajili ya 2012 imeweka fidia kwa aliyepata khasara daftari liliporekebishwa. Lakini kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo chasema hati yaweza kubatilishwa ikiwa ilipatikana bila kufuata utaratibu, na mnunuzi asiye na kosa haponi. Mwezi wa Oktoba 2023, hapo Mavoko, jirani ya Kitengela, nyumba nyingi zilivunjwa katika ardhi ambayo mahakama iliihukumia kampuni ya saruji. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wamekwisha lipa fedha zao.

Basi khofu ya ndugu yetu ni ya haki. Ela bima hulipa fedha, haimrudishii mtu nyumba. Wala hailipi kwa aibu ambayo mnunuzi aliijua akanyamaza.

Ama hukumu yake, Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1985 iliharimisha bima ya biashara kwa sababu ya gharari, ikajuzisha ile ya kusaidiana. Akiipata hiyo ya kusaidiana, na akate.

Na mafakihi wetu wa Kishafi walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya watu wa Philadelphia. Waliliita dhamana ya daraka. Mtu humdhaminia mnunuzi kwamba ikibainika mali ni ya mwingine, atarejeshewa thamani aliyolipa. Imamu Nawawi katika Minhaji aliisahihisha, maadamu muuzaji amekwisha pokea thamani. Wala dhamana hiyo haina ujira. Basi muuzaji na alete mdhamini mwenye mali, aandikwe siku ya kukabidhiana fedha, mbele ya mashahidi.

Lakini kabla ya hayo yote na aifuate hati mpaka shinani. Ardhi nyingi za Kajiado zilikuwa ranchi za vikundi chini ya sheria ya 1968, kisha zikagawanywa. Fungu hili lilikuwa la nani? Mkewe ameridhia? Ikiwa ni ardhi ya kilimo, Bodi ya Ardhi imetoa ridhaa? Bila ya ridhaa hiyo mauzo ni batili. Ampeleke mpimaji akaone mawe ya mpaka, awaulize na wazee wa Kimaasai walio jirani. (Nimewaona watu wakibishania bei ya gunia la vitunguu asubuhi nzima, kisha ploti wakainunua kwa simu.)

Muuzaji akikataa kuleta mdhamini, au akimhimiza alipe kabla ya daftari kupekuliwa, na aiache nyumba hiyo, ijapokuwa bei yake ni nafuu.