Itifaki Huria na Wingi wa Watunzi wa Programu

Itifaki, katika taaluma ya tarakilishi, ni mapatano kuhusu namna mitambo inavyopaswa kuwasiliana. Makala haya yanajadili kwa nini ni bora mapatano hayo yawe huria, na kwa nini programu za kuyatekeleza zitungwe na watu mbalimbali wasiotegemeana.

Mfano wa arudhi unafaa hapa. Kanuni za vina na mizani hazina mmiliki. Malenga wa Lamu na wa Mombasa wasiopata kuonana wanaweza kujibizana kwa mashairi, kwani wote hufuata kanuni zilizo wazi. Ndivyo ilivyo barua pepe. Itifaki yake, SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel, ilichapishwa mwaka 1982 ili asomaye na asome. Sendmail, Postfix na Exim ni programu za watunzi tofauti, lakini barua itokayo katika moja hupokelewa na nyingine.

Wingi huu una faida mbili kuu. Kwanza, huipima kanuni yenyewe. Mtunzi aliye peke yake hasumbuliwi na utata wa maandishi, na hata kosa lake hugeuka sheria. Wawili wakisoma maandishi yale yale, kisha programu zao zikakosa kuelewana, utata hufichuka. Ndiyo maana IETF, jopo linalosimamia viwango vya intaneti, liliagiza mwaka 1996 kwamba kiwango kisipandishwe daraja pasipo angalau programu mbili zilizotungwa mbalimbali na kuthibitika kuelewana.

Pili, wingi ni kinga. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe hadi ikalemea maelfu ya tarakilishi. Mojawapo ya njia zake ilikuwa mwanya uliokuwamo katika Sendmail. Itifaki ya barua haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa la programu. Mitambo isiyotumia mifumo ya ukoo wa BSD haikuambukizwa.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba kutunga upya kilichokwisha kutungwa ni kupoteza nguvu. Gharama ipo, wala haikanushiki. Hata hivyo, anayetegemea programu moja ya mmiliki mmoja hana pa kuhamia siku mlango utakapofungwa. Wahenga hawakukosea: mtegemea cha nduguye hufa maskini.