Kwa Nini Simu ya Kikundi Inazima Katikati ya Somo?



Baada ya mavuno yaliyopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama waliokuwa wamejitayarishia somo la kukausha mahindi. Somo lenyewe lilikuwa la video, ndani ya simu ya mweka hazina. Simu iliegemezwa kwenye debe, na wanachama zaidi ya ishirini wakaizunguka. Picha zikawa zinakwama-kwama, sauti inatangulia. Tulipoishika ile simu, mgongo wake ulikuwa moto kama sufuria iliyotoka mekoni. Ilipofika mahali pa kuonyesha namna ya kupima unyevu, ikazima. Michango ya siku hiyo nayo ilikuwa bado haijatumwa, na simu ya kutumia ni hiyo hiyo.

Mambo ya unyevu si mchezo. Mwaka 2004, hasa sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi, ile aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Basi ilibidi tumalize somo kwa mdomo: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi, ongeza chumvi kavu vijiko vikubwa viwili au vitatu, funga, tikisa kwa dakika moja, halafu acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Rudisha juani.

Wote walilaumu betri. Mama mweka hazina alikuwa tayari kutoa pesa za kikundi anunue nyingine. Kumbe betri haikuwa na kosa. Taabu ilikuwa katika namna ile video ilivyotayarishwa.

Tuelewane kwanza video ni nini. Ni picha nyingi zinazopita haraka, kama 25 au 30 kwa sekunde moja. Kila picha ni vidoadoa vya rangi. Video ya kipimo cha 720 ina vidoa 1280 kwa upana na 720 kwenda chini, yaani 921,600 katika picha moja tu. Kama zingehifadhiwa zote jinsi zilivyo, saa moja ingekula zaidi ya gigabaiti 120, na memori kadi ya gigabaiti 32 ingejaa kwa robo saa hivi. Kwa hiyo wataalamu huikunja video. Mama akisimama mbele ya ghala akisogeza mkono, ghala haliandikwi upya kila mara. Kinachoandikwa ni mkono uliosogea. Unapobonyeza kucheza, simu inafanya hesabu za kuikunjua tena, picha baada ya picha, bila kupumzika.

Hizo hesabu zinaweza kufanywa na nani? Ndani ya simu kuna prosesa, mfanyakazi wa kila kazi. Lakini pembeni yake, katika chipu hiyo hiyo, kuna sehemu iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kukunjua video. Wenye ujuzi wakisema video inachezwa kwa nguvu ya hadiwea, wanamaanisha sehemu hiyo. (Si ile hadiwea ya misumari na mabati!) Fikirini kinu cha kutwanga na posho mill. Kwa kinu utapata unga, ndiyo, lakini mikono itauma na jua litatua. Posho mill inasaga gunia zima huku ukizungumza na jirani. Prosesa ikifanya kazi ya video peke yake inatwanga: inatoa joto, inamaliza chaji, na ikizidiwa inaruka picha. Ile sehemu maalumu inasaga kwa moto kidogo sana.

Shida ni kwamba mashine hiyo hupokea tu aina za ukunjaji ilizoundiwa. Aina ya H.264 ilitoka mwaka 2003, na karibu kila simu janja iliyoko vijijini ina mashine yake. H.265 ilikuja 2013, na AV1 mwaka 2018. Hizi mpya zinakunja vizuri zaidi, H.265 inaweza kupunguza ukubwa wa video karibu nusu. Lakini simu nyingi za bei nafuu, hasa za zamani, hazina mashine ya AV1, na nyingine hata H.265 haziwezi. Hapo kazi yote inaangukia prosesa. Video ya wale akina mama ilikuwa AV1.

Wengine watauliza, si afadhali video ndogo, ili tuokoe bando? Ni swali zuri. Jibu letu ni kwamba video ya somo hupakuliwa mara moja, lakini huonyeshwa mara nyingi, na chaji inalipiwa kila mara, pengine kwa kutembea hadi sokoni. Kwa kazi ya vikundi tunapendelea H.264, hata ikiwa kubwa kidogo. Na msitafute kipimo cha 1080 kwa kioo cha simu. Kipimo cha 480 kina vidoa chini ya nusu ya 720, na kinatosha kuona punje ya mahindi.

Msidanganywe na jina la faili. Herufi mp4 mwishoni ni kama gunia. Halisemi kama ndani kuna mahindi au maharagwe. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, inaweza kuonyesha habari za video na aina ya ukunjaji. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali palipoandikwa "Hardware acceleration". Paache kwenye "Automatic". Lakini mkiona kioo kimekuwa kijani, au sauti inatoka bila picha, ile mashine imeshindwa na video hiyo. Hapo izimeni kwa muda mcheze kwa nguvu ya prosesa, mkijua kwamba chaji itakwenda mbio. Mkimaliza irudisheni.

Kama video ni ya aina isiyofaa, kijana mwenye kompyuta, au ofisi ya parokia, anaweza kuibadilisha kwa programu ya HandBrake, nayo pia ni ya bure. Achague mpango wa "Fast 480p30"; unatoa H.264 ndani ya mp4. Kompyuta itachukua muda, basi wapelekeeni siku mbili tatu kabla ya mkutano.

Tena, mwanga wa kioo unakula chaji kila wakati, hata mashine ikifanya kazi vizuri. Kaeni kivulini, mpunguze mwanga.

Kazi ya kikundi: Tafuteni video moja katika aina mbili, H.264 na nyingine mpya zaidi, zote za kipimo kimoja. Andikeni asilimia ya chaji, chezeni ya kwanza dakika 20, andikeni tena. Simu ikipoa, fanyeni hivyo kwa ya pili, mwanga wa kioo ukiwa ule ule. Mtu mmoja aguse mgongo wa simu kila baada ya dakika tano na kusema hali ya joto. Katibu aweke matokeo katika daftari la kikundi, pamoja na aina ya simu iliyotumika. Na michango itumwe kabla ya video kuanza.